Mtandao Usiofika Chumba cha Nyuma

Kabla mawimbi hayajaanza kunisumbua, nilisumbuliwa na ng'ombe. Nilipofika Bariadi kutoka Muheza, nikiwa msichana mwenye cheti cha ufundi simu na viatu visivyofaa, mji huu ulikuwa bado chini ya Shinyanga, na simu ilikuwa waya juu ya nguzo. Siku yangu ya kwanza kazini tulitumwa njia ya Bukundi kutafuta kwa nini laini ilikuwa inakoroma. Tukakuta kundi la ng'ombe limezunguka nguzo, kila mmoja akingoja zamu yake ya kujikuna. Nguzo ilikuwa imeinama kama mlevi na waya umegusa matawi ya mgunga. Jioni niliandika ripoti ya kwanza ya maisha yangu. Kwenye nafasi ya chanzo cha hitilafu nilijaza: mwasho.

Ninyi mnaoanza sasa mmeniomba niandike habari za kazi. Za vyeo hamkuuliza, na mmefanya vyema, maana ni fupi. Nitaandika niliyoyaona kwa mpangilio nilivyoyaona, kisha nitakaa kidogo kwenye nyumba moja ya mwaka wangu wa mwisho kazini, kwa sababu naona bado tunaikosea nyumba ya namna ile.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Masanja, msimamizi wa mafundi wa laini. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na koleo lake lilikuwa na mpini uliozungushiwa mpira wa tairi la baiskeli. Hakumruhusu mtu yeyote kulishika, hata kulisogeza mezani. Mimi nilikuwa na haraka ya watu wa pwani: shikamoo moja, kisha nafungua begi la vifaa. Siku ya pili alinivuta pembeni.

"Binti, umekuja kutengeneza simu au kuiba?"

"Kutengeneza, mzee."

"Basi kaa kwanza. Mwizi ndiye asiyekaa."

Nikajifunza kukaa. Nikajifunza kusema mwangaluka asubuhi na mwadila jioni, kuuliza mvua, kuuliza ng'ombe, kuuliza watoto, na kungoja majibu yote. Baada ya miezi michache niligundua kwamba sehemu kubwa ya hitilafu hutajwa kati ya salamu na kikombe cha maji. Mtu anakwambia mvua ya juzi iliezua bati la jirani, nawe unajua waya umekatikia wapi kabla hujagusa ngazi.

Kisha waya zikaanza kupungua. Simu za mkononi zikaja, nguzo zikaliwa na mchwa, na wengi tuliozoea kupanda tukabaki chini tukitazama minara. Nilihamia kampuni ndogo ya kusambaza intaneti majumbani, hii hii mnayofanyia kazi. Watu wengi waliamini kwamba kazi imekuwa rahisi kwa sababu waya zimeisha. Mimi nilikuwa naukumbuka waya kwa upendo. Waya ukikatika unauona. Mawimbi yakikatika unaona tu uso wa mteja.

Nilianza kujifunza upya, nyumba kwa nyumba. Mawimbi ya waifai hupita ukutani, lakini kila ukuta unakula sehemu yake, kama mnunuzi wa pamba mwenye mizani mbovu. Tofali la kuchoma linakula kidogo, zege linakula zaidi, tangi la maji linakula sana. Bati na kioo cha kujitazamia havili, vinarudisha. Hili mnalijua kutoka chuoni. Msilolijua ni mahali ambapo watu wa hapa huweka vitu vyao vya thamani.

Mwamapalala nilimkuta mwalimu mstaafu aliyelalamika kwamba kompyuta yake mpakato, laptopu kama tunavyoiita sote, haipati mtandao hata akiwa kitandani, hatua chache tu kutoka kwenye ruta. Nikaiomba ruta niione. Akatoa ufunguo mfukoni. Ruta ilikuwa ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, waya umepitishwa kwenye tundu la msumari, ili wajukuu wasiichezee. Alikuwa amelipia intaneti ya mwezi mzima kwa matumizi ya sanduku.

Nassa, kwa mfanyabiashara wa dagaa anayetumia umeme wa jua, mtandao ulikuwa mzuri kwenye simu na mbaya kwenye laptopu. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kubadilisha ruta. Mimi niliitazama laptopu. Ilikuwa imewekwa juu ya friza, na katika mipangilio yake mwenye biashara alikuwa ameichagulia kubana matumizi ya betri. Kompyuta iliambiwa ibane, nayo ikabana, hadi kwenye kadi yake ya waifai. Tuliiondoa juu ya friza, tukairuhusu kutumia nguvu zake zote, tukaweka upya ile programu ndogo inayoendesha kadi, na biashara ya dagaa ikaendelea. Kwa hiyo msiikimbilie ruta kila mara. Nusu ya mazungumzo iko kwenye kompyuta.

Sasa niende kwenye ile nyumba.

Ilikuwa pembezoni mwa Bariadi, kwenye bonde, mahali ambapo simu hushika ukisimama juu ya jiwe. Mwenye nyumba aliitwa Mzee Mabula. Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe minadani hadi fahali mmoja alipomvunja mguu, na tangu hapo alishinda kwenye kiti chake sebuleni na redio. Mwanawe Joseph, anayefanya kazi Geita, ndiye aliyelipia intaneti: kisahani juu ya paa, waya hadi sebuleni, ruta. Aliyekuwa na shida ni mke wa Joseph, Minza. Alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Bukundi, amejifungua karibuni na alikuwa analelewa uzazi hapo ukweni.

Mwenzetu mmoja alikuwa amekwenda wiki iliyotangulia. Kwenye mfumo wetu aliandika: mteja ashauriwe kuhamisha laptopu sebuleni, mtandao umejaa, kazi imefungwa. Simtaji. Yumo humu na anajijua, na leo ni fundi mzuri. Minza akapiga simu tena ofisini, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba nilifikiri laini ni mbovu.

Nilifika asubuhi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," akanijibu, yaani mama. "Mhola?"

"Mhola duhu," nikasema: salama tu.

Alinitazama, akalitazama begi langu. "Wewe ndiyo fundi? Kampuni imekosa wanaume?"

"Wapo, baba. Walikuja wiki iliyopita. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Alicheka hadi akaushika mguu wake mbovu. Kisha akapaza sauti: "Mama Joseph! Mwambie mkwe fundi amefika."

Mke wake alitoka jikoni akifuta mikono, akaenda kusimama kwenye korido. "Mkwe, baba anasema fundi amefika."

"Mwambie baba nimesikia, nashukuru," ikajibu sauti kutoka chumba cha nyuma.

"Anasema amesikia, anashukuru."

"Sawa. Mwambie fundi anywe uji kwanza."

"Mwambie baba uji upo tayari," ikasema tena sauti ya nyuma.

Kila mtu alikuwa anamsikia kila mtu. Lakini familia ile inashika mila: mkwe wa kike na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, na maneno yao hupita kwa mama. Nilikwisha kuishi huku miaka ya kutosha kujua kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nilikunywa uji.

Chumbani Minza alikuwa na mtoto mgongoni na laptopu juu ya kimeza, chini ya dirisha lenye nondo. Alinieleza kwa kunong'ona. Aliomba nafasi ya kusomea shahada ya ukunga kwa ufadhili. Usaili ulikuwa kwa video. Siku ya usaili picha iliganda akiwa amefungua mdomo, sauti ikakatika, na alipofanikiwa kurudi jopo lilikuwa limekwisha kumwita mwingine. Aliwaandikia, wakamkubalia mara moja zaidi, Alhamisi.

"Wamesema nikikatika tena nafasi anapewa anayefuata," alisema. "Fundi, mimi nimezalisha akina mama kwa taa ya simu. Haya nayajua. Shida ni kwamba sisikiki."

"Huwezi kwenda mjini siku hiyo?"

"Na mtoto huyu? Mama hataki nivuke geti kabla ya arobaini."

"Na sebuleni, kama alivyokwambia mwenzangu? Kwa saa moja tu?"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue kanga sokoni. "Pale amekaa baba. Nikae mbele ya baba mkwe, nianze kueleza habari za mlango wa uzazi?"

Mwenzetu alikuwa amepima mawimbi vizuri kabisa. Hakupima nani anakaa wapi.

Nikaanza na laptopu, maana hiyo haihitaji ruhusa ya mtu. Niliondoa mpangilio wa kubana betri, kama kule Nassa. Nilifunga programu zilizokuwa zinavuta masasisho chinichini. Ruta ilikuwa inatoa mitandao miwili, mmoja wa kasi usiopenda kuta na mwingine wa polepole unaozivumilia. Laptopu ilikuwa inang'ang'ania ule wa kasi, nikaihamishia kwenye wa pili. Nilikisogeza kimeza mbali na nondo za dirisha na kabati la nguo, nikakiweka upande wa mlango. Hali ikawa afadhali. Tulijaribu video na ofisini kwetu: sauti ikaja, picha ikaganda, ikarudi, ikaganda. Kwa kusoma habari ingetosha. Kwa kutetea maisha yako mbele ya jopo, haikutosha.

Nikarudi sebuleni kuiona ruta, na sikuiona. Mama Joseph akanionyesha kwa fahari. Ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, lenye kioo nyuma, katikati ya masinia ya harusi yake na sufuria ambazo hazijawahi kuona moto, na juu yake imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua.

"Kitu cha Joseph hicho," alisema. "Hatuwezi kukiacha wazi kama kopo."

Masinia yalikuwa yamesimamishwa nyuma ya ruta, upande wa vyumba, kama ukuta wa bati. Mawimbi yalikuwa yanagonga masinia na kurudi mbele, yote, hadi kwenye kifua cha Mzee Mabula, ambaye alikuwa anasikiliza taarifa ya bei za mifugo redioni.

Nilisema ruta inapaswa kutoka kabatini, iende juu ya ukuta wa korido, katikati ya nyumba. Mama Joseph alinitazama, kisha akamtazama mumewe. Mzee alizima redio.

"Yaya, mayu," alisema. Hapana. "Hicho hakitoki."

"Kwa nini, baba?"

"Joseph alikiweka hapo kwa mkono wake siku anarudi kazini. Jumapili anapiga kwa simu ya mama yake, na mimi nikiwa hapa karibu nacho namsikia vizuri. Nimevunjika mguu, simfuati mtu tena. Sasa unataka kumpeleka kijana wangu korido?"

Najua Minza alikuwa amesikia kila neno, na najua asingeweza kusema hata moja. Angesema nini? Mwambie baba aachie sauti ya mwanawe ili mimi nisikike? Hapo nilielewa kwa nini alipiga simu ofisini kwa sauti ile, badala ya kuomba kitu kilichokuwa hatua chache kutoka kitandani kwake.

Mzee Masanja angekaa. Nikakaa.

"Baba, ng'ombe mnadani unamnunua kwa kuambiwa au kwa kumwona akitembea?"

"Kwa kumwona akitembea."

"Basi tuitembeze. Naivuta ruta kwa waya mrefu hadi korido, bila msumari. Wewe unatoka nje barazani, mbali nayo kabisa. Tunampigia Joseph. Ukimsikia vibaya, nairudisha kabatini na kitambaa chake."

Alilitazama kabati. "Na masinia?"

"Masinia yanabaki. Hayana kosa."

Tulikibeba kiti chake hadi baraza ya nyuma. Niliisimamisha ruta juu ya kiti cha mbao koridoni, antena zake zikitazama juu, nikapiga kwa video kwa simu ya Mama Joseph, nikampa mzee aishike. Joseph akapokea, nyuma yake kelele za karakana.

"Baba! Leo mbona nakuona hadi ndevu? Siku zote unaonekana kama mtu aliye ndani ya moshi."

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa mwanga wa nje. Sebuleni alikuwa anakaa amelipa mgongo dirisha. Nilimweleza hivyo kwa sababu napenda kila kitu kiitwe kwa jina lake. Hakusikiliza. Alikuwa anaisogeza simu huku na huko, anamwonyesha Joseph banda, mbuzi, mguu wake, anga.

Alipokata, alipangusa kioo cha simu kwa shati. "Mama Joseph, mwambie fundi apigilie misumari."

"Baba, mimi nipo hapa mbele yako."

"Ah. Nimezoea."

Nilipitisha waya juu ya dari, nikaifunga ruta juu ya ukuta wa korido, mbali na bati na mbali na vyombo, nikaiunganisha na betri ndogo ya akiba, maana Bariadi umeme una ratiba zake binafsi. Mama Joseph aliuliza kama kitambaa kinaruhusiwa. Nilisema kinaruhusiwa, pamba haizuii kitu, ila kisizibe matundu ya joto. Kwa hiyo ruta ile mpaka leo ina maua. Chumba cha nyuma laptopu ikaonyesha mistari yote, na video na ofisini haikuganda hata tulipoiacha iende tukifunga vifaa.

Alhamisi nilirudi. Hakuna aliyenituma. Nilisema nimekuja kukagua betri.

Mambo ya matokeo sipendi kuyaficha mwisho kama wafanyavyo wengine: nafasi Minza aliipata. Ninalotaka mlijue ni yale yaliyotokea asubuhi ile.

Mzee alikuwa tayari yuko barazani, amevaa koti. Redio ilikuwa imezimwa. Jirani alikuja na habari ya ndama, akamzuia kwa fimbo kwenye kona ya nyumba: "Rudi mchana. Humu ndani kuna mtihani." Mbuzi mmoja alipolia alimtazama kwa namna ambayo hata mimi nilinyamaza. Mama Joseph alimchukua mtoto akaenda naye jikoni.

Nilisimama kwenye mlango wa korido, naangalia taa za ruta. Katikati ya usaili umeme ukakatika. Friji ikanyamaza, taa za ruta zikabaki. Ndani, sauti ya Minza haikukatika.

Dirisha lake lilikuwa wazi, na baraza iko chini ya dirisha lile. Kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake halisi. Haikuwa ile ya kunong'ona. Mwanamke wa jopo alimuuliza angefanya nini mama akianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, kwenye zahanati ya mbali, yuko peke yake na msaidizi mmoja.

"Naita msaada kwa sauti, lakini simwachi mama," alisema Minza. "Naweka mkono juu ya tumbo, nakanda mfuko wa uzazi mpaka uwe mgumu. Msaidizi anaandaa sindano. Naangalia kondo limetoka lote au kuna kipande kimebaki. Namfunika asipate baridi. Gari naliita mapema. Singoji nione kama atapona. Kijijini kwetu watu husubiri waone. Wakishaona, wamechelewa."

Mzee Mabula alikuwa ameiweka fimbo chini. Mkwe wake alikuwa ameishi kwake tangu harusi, na sidhani kama aliwahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo.

Wakamshukuru, wakaagana, laptopu ikafungwa.

"Mama Joseph!" aliita mzee. "Mwambie mkwe..."

Jikoni hakujibu mtu. Alingoja. Alinitazama mimi; nami nikapata shughuli ya ghafla kwenye betri. Basi akakigeuza kiti chake kwa mikono, polepole, mpaka mgongo wake ukawa upande wa dirisha, akasema huku akitazama bandani:

"Mkwe."

"Abee, baba."

"Hayo ya kukanda tumbo. Kule kwenu Bukundi wanayajua?"

"Wachache, baba."

Alikohoa. Alitazama mbuzi wake.

"Basi ukipata, nenda. Mama Joseph atakwenda nawe akushikie mtoto, wewe usome. Mimi michembe ya viazi inanitosha."

Nilimsikia Minza akisogeza kimeza, kisha akikisogeza tena.

Sauti ikatoka jikoni, safi kabisa: "Na mimi nimesikia. Hakuna haja ya kutumana."